Mwandikie Anayekujua Kidogo

Kijana wa Songea akimaliza chuo, neno la kwanza atakalopewa ni kwamba kazi ni konekisheni. Ataambiwa na mjomba wake, ataambiwa na dereva wa bodaboda, ataambiwa hata na waliokwisha kuajiriwa. Nimelisikia Majengo, Lizaboni na Bombambili. Nimelisikia kwenye mabasi ya alfajiri yanayotoka stendi ya Shule ya Tanga kwenda Dar es Salaam, yamejaa vijana wenye bahasha za kaki mapajani. Silipingi. Ila kwa kutafuta kazi mwenyewe, na baadaye kwa kukaa upande wa wanaoajiri, nimejifunza kwamba konekisheni inayomfikisha mtu mbali mara nyingi haitoki kwa ndugu wala kwa rafiki wa kufa na kuzikana. Hutoka kwa mtu anayekujua kidogo: mliyekaa naye meza moja kwenye semina, mliyepokezana naye mzigo msimu mmoja, mliyesoma naye darasa moja bila kuzoeana.

Mtu huyo hana sababu ya kukubeba. Akitaka kukutaja mbele ya bosi wake, anahitaji kitu cha kushika: maneno ya kweli kuhusu kazi yako, ambayo anaweza kuyarudia bila kuona haya. Ukurasa wako wa LinkedIn, ukiuandika vizuri, unampa maneno hayo. Hilo ndilo nililokuja kulielewa, na ndilo ninalotaka kumwachia anayetafuta kazi leo akiwa Ruvuma.

Ukurasa wangu niliufungua nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwenye maabara ya kompyuta, kama walivyofanya wenzangu wengi. Baada ya mahafali nikaongeza picha ya joho. Chini ya jina paliandikwa kwamba mimi ni mhitimu mwenye bidii ninayetafuta fursa. Kisha maisha yakaendelea. Nilirudi nyumbani Songea, nikaajiriwa na kampuni binafsi ya kununua nafaka, nikawa mkaguzi wa ubora wa mahindi, na kwa misimu kadhaa sikuwa na haja ya kumwambia mtu mtandaoni ninafanya nini. Aliyehitaji kujua alinikuta getini.

Anayeijua Ruvuma anajua msimu wa mahindi ulivyo. Mvua zikishakatika, baridi ya Juni na Julai huingia, mahindi yanakaukia shambani, na kuanzia hapo fuso na matrekta hupanga foleni kwenye vituo vya kununulia, yakitoka Namtumbo, Madaba, Peramiho na vijiji vya Mbinga. Kazi yangu ilianza kabla ya mzani. Nilichoma bambo kwenye gunia, nikamwaga punje kiganjani kwanza, nikazitazama na kuzinusa, kisha nikazitia kwenye kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaliyozidi hapo huota ukungu ghalani, na ukungu ndio mwanzo wa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mkulima aliyeambiwa akaanike upya mzigo wake alinuna, na mwenye lori alipiga simu kwa wakubwa, lakini nilijua ninachokilinda.

Mwaka 2023 mkataba wangu ulikwisha pamoja na mradi uliokuwa ukitulipa. Tuliagana vizuri. Jioni moja niliufungua ukurasa wangu wa LinkedIn kwenye simu na kumkuta yule yule mhitimu wa joho. Bambo halikuwemo, foleni ya malori haikuwemo, wala kituo hata kimoja. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekuwa akitafuta mkaguzi wa nafaka, misimu yangu yote ilikuwa haijatokea.

Nilianzia mahali ambapo watafuta kazi wengi wa mji wetu huanzia, yaani steshenari. Pale Majengo kuna dada mmoja ambaye ameandika CV za watu wengi kuliko afisa utumishi yeyote ninayemfahamu. Anachapa, anaskani vyeti, anawaingiza watu kwenye Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini, na anasoma barua za maombi kwa jicho la mtu aliyeona zilizoitwa na zilizonyamaziwa. Nilimpa maelezo ya kazi yangu niliyokuwa nimeyaandaa. Alisoma, akaniangalia.

"Kaka, umeandika ulihusika na udhibiti wa ubora. Ulihusikaje?"

Nikamweleza: gari likifika nachoma bambo, napima, nakataa au napokea.

"Ukikataa, mwenye mzigo anafanya nini? Kwa siku yanakuja magari mangapi? Na nani anahakikisha wewe hujakosea?"

Kila nilipojibu, aliandika. Mwishoni akanisogezea karatasi. "Haya ndiyo uyaweke. Huyo wa Dar hajawahi kufika Songea, kaka. Atajuaje?"

Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari yangu. Mkaguzi wa ghala haishi bila daftari: tarehe, namba ya gari, kijiji, unyevu, uchafu, punje zilizovunjika, uamuzi. Nilipitia ukurasa baada ya ukurasa, na kazi niliyoizoea kiasi cha kuiona ya kawaida ikaanza kuonekana ilivyo. Kwanza niliieleza kwa Kiswahili, kama ninavyomsimulia jirani, mpaka ikakaa sawa. Ndipo nikaiweka kwa Kiingereza, kwa kuwa waajiri wanaotafuta watu LinkedIn huku kwetu hutumia zaidi Kiingereza. Palipokuwa na "nilihusika na udhibiti wa ubora wa mahindi," pakawa na maelezo kwamba nilipima unyevu, uchafu na punje mbovu kwa mahindi yaliyopokelewa katika vituo vya Songea, Namtumbo na Madaba. Kwamba niliamua mzigo upi upokelewe na upi urudishwe kuanikwa. Kwamba niliwafundisha vibarua wa vituo kuchukua sampuli juu, katikati na chini ya gunia. Mwisho nikataka kuweka jumla ya tani za kila msimu, kama zilivyo kwenye stakabadhi za mapokezi.

Kabla ya kuziweka nilimwandikia aliyekuwa meneja wangu, kwa kuwa takwimu za kampuni ni mali ya kampuni, hata kama wewe ndiye uliyezikusanya.

"Shikamoo bosi. Naboresha ukurasa wangu wa kazi mtandaoni. Naomba ruhusa ya kutaja tani tulizopokea."

"Marahaba mwanangu. Tani weka. Bei usiweke, na majina ya wanunuzi usiyaweke. Kila la heri."

Ujumbe ule ulinifaa kuliko nilivyotarajia. Niliomba ruhusa, lakini pia nilimjulisha mtu mzito kwamba ninatafuta kazi, na akaona kwamba siri za ofisi yake nazilinda hata nikiwa nimetoka.

Katika ukurasa mzima, mstari unaosafiri mbali zaidi ni ule ulio chini ya jina. LinkedIn inakupa herufi 220, na maneno hayo hukufuata kila unapojitokeza: kwenye orodha ya waliotafutwa, kwenye ombi la kuunganishwa, kwenye maoni unayoacha chini ya andiko la mtu. Nilimwondoa yule mhitimu mwenye bidii anayetafuta fursa. Hakuna mwajiri anayeandika neno "bidii" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika kazi, anaandika zao, anaandika ujuzi. Nikaweka mkaguzi wa ubora wa nafaka, uchukuaji sampuli, upimaji unyevu, udhibiti wa sumukuvu, maghala ya Ruvuma. Sumukuvu niliiweka kwa jina lake la kitaalamu la Kiingereza, kwa kuwa viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo hulitumia hilo vinapotangaza nafasi.

Sehemu ya kujieleza ina nafasi ya herufi 2,600, nami sikuzimaliza. Mistari michache ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla msomaji hajabonyeza kuendelea, hivyo yaliyo muhimu yote niliyaweka hapo: ninafanya nini, nimefanyia wapi, ninatafuta kazi ya aina gani, niko tayari kuhamia wapi. Wapo walionishauri niandike kwamba naishi Dar es Salaam, kwa hoja kwamba waajiri huchuja watu kwa mahali. Niliacha Songea, nikaongeza kwamba niko tayari kuhamia Makambako, Mbeya au Dar. Anayetafuta mtu wa mahindi anafurahi kumpata anayeyajua kutoka yanakotoka. Na ukidanganya kuhusu makazi, uongo wako unaishia pale unapoambiwa uje kwenye usaili kesho asubuhi wakati basi linakula kutwa nzima barabarani.

Kuna jambo la majina, na kwa watu wa Ruvuma ni zito. LinkedIn ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na kufikia 2023 ilikuwa imepita wanachama bilioni moja. Humo ndani jaribu kumtafuta mtu wa kwetu kwa jina la ubatizo na la ukoo. Ngonyani, Komba, Mapunda, Gama, Haule: kila ukoo umejaa watu, na majina ya ubatizo tuliyorithi misheni ni yale yale. Mtu aliyekutana nawe semina atakutafuta, atakuta sura nyingi, ataacha. Niliweka majina yangu matatu, kwa mpangilio ule ule ulio kwenye vyeti na kwenye kitambulisho cha taifa, na nikaibadilisha anwani ya ukurasa ili iwe jina langu badala ya msururu wa tarakimu, kisha nikaiandika juu ya CV. Ulinganifu huu una faida nyingine. Anayeomba kazi serikalini huku vyeti vyake vikitofautiana majina hutakiwa kuwa na hati ya kisheria ya kuthibitisha majina hayo, na ni afadhali uzijue tofauti hizo mapema ukiwa nyumbani.

Baada ya kuongeza, nilipunguza. CV zetu bado zina mazoea ya zamani: dini, hali ya ndoa, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu za wadhamini watatu. Kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha vitu hivyo vilikuwa na msomaji mmoja. Kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, vinamfaa tapeli kuliko mwajiri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini mlinzi wa kwanza wa taarifa zako ni wewe. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, haina kazi pale. Mdhamini wako ana haki ya kuulizwa kabla namba yake haijatolewa.

Picha ya joho nayo iliondoka. Nilimwomba mwenzangu wa zamani anipige nyingine asubuhi mlangoni mwa ghala, mwanga ukiwa umeingia vizuri, nimevaa shati safi na nyuma yangu magunia yamepangwa. Sura ilionekana na kazi ilionekana. Na kabla ya kugusa chochote nilizima ile mipangilio inayowatangazia watu kila badiliko, ili marafiki wasipate taarifa ya kila nukta niliyorekebisha.

Nilipofika kwenye mapendekezo, yaani maneno ambayo wengine huandika juu yako, nilimrudia meneja wangu. Akanijibu kama wakubwa wengi wa kwetu wanavyojibu: "Andika wewe mwanangu, mimi nitaweka." Anasema hivyo kwa wema, kwa kuwa ana mambo mengi. Lakini pendekezo ulilojiandikia lina sauti yako, na anayesoma mengi huitambua. Nikamjibu kwa heshima kwamba ningependa yawe maneno yake hata kama ni machache, na nikamkumbushia matukio matatu tuliyopitia pamoja ili achague moja. Alichagua moja. Aliandika kwamba jioni moja lilifika lori la mahindi yaliyonyeshewa njiani, mwenye mzigo akampigia yeye simu, naye akanipigia mimi. Kwamba nilimwomba aje asome kipima mwenyewe. Kwamba alikuja, akasoma, na lori likarudi na mzigo wake. Akamalizia kwa kusema kwamba msimu ule hakuhitaji tena kuja kusoma.

Nami niliandika ya wengine bila kusubiri kuombwa. Niliandika juu ya karani wa mzani ambaye hesabu zake hazikuwahi kutuletea ugomvi na wakulima, na juu ya mtunza ghala aliyejua kila rundo liliingia lini na lilifukizwa dawa lini. Hawakuwa na maneno ya kujisifu, na kazi yao nilikuwa nimeiona kwa macho. Mtu ukimwandikia ukweli mzuri juu yake, naye hukumbuka uliyoyafanya.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatafuta wale ninaowajua kidogo, na kuna utafiti unaoeleza kwa nini wana thamani kubwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu. Aliwahoji wafanyakazi wa taaluma mbalimbali katika mji wa Newton, jirani na Boston, waliopata kazi kupitia mtu. Takriban asilimia 17 tu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengine wote walikuwa wakionana naye kwa nadra au mara moja moja. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyekulia mtaa mmoja na marafiki zake: watu wako wa karibu wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Habari mpya inatoka kwa anayeishi nje ya duara lenu.

Septemba 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mwingine, uliofanyika ndani ya LinkedIn yenyewe kwa miaka mitano na kuwagusa watu zaidi ya milioni 20. Watafiti walibadilisha namna mtandao unavyowapendekezea watu wa kuunganishwa nao, wakaangalia nani alihamia kazi mpya. Mahusiano yasiyo ya karibu yalisaidia kuliko ya karibu sana. Lakini yaliyosaidia zaidi yalikuwa ya wastani: watu ambao si wageni kabisa, mnaojuana kupitia wengine kadhaa. Kwa hiyo kubonyeza kitufe cha kuunganishwa na kila mkurugenzi wa Afrika Mashariki hakufiki mbali. Anza na uliopita nao mahali.

Niliorodhesha semina, mafunzo na vikao vyote nilivyohudhuria, nikawatafuta niliokaa nao. Kila mmoja nilimwandikia mistari miwili inayomkumbusha tulipokutana. Kazi sikumwomba yeyote. Niliwaeleza kwamba mkataba wangu umekwisha na kwamba ukurasa wangu unaonyesha nimefanya nini. Alama ya kuonyesha kwamba niko wazi kwa kazi niliiwasha kwa wote, kwa kuwa sikuwa na mwajiri wa kumficha. Aliye bado kazini ana njia ya kuwaonyesha waajiri pekee, ingawa LinkedIn wenyewe hawahakikishi kwamba kampuni yako haitajua.

Mmoja wa niliowaandikia alikuwa dada mtaalamu wa maabara niliyekutana naye Dodoma kwenye mafunzo ya sumukuvu. Hatukuwa na mazoea. Tulikula chakula cha mchana meza moja tukizungumzia vipimo. Akanijibu: "Za siku nyingi kaka. Nimesoma ukurasa wako. Kuna watu Makambako wanatafuta mtu wa aina hii, nikupeleke?" Baadaye alinieleza kwamba barua pepe aliyoituma ilikuwa na mambo mawili aliyoyatoa moja kwa moja kwenye ukurasa wangu: ule mstari ulio chini ya jina, na yale maneno ya meneja kuhusu lori lililorudi. Yeye kwa kinywa chake angeweza kusema tu kwamba tulihudhuria mafunzo pamoja. Ukurasa ndio uliomwezesha kusema zaidi ya hapo, na kusema kweli tupu.

Usaili ulifanyika kwa video. Nilikwenda ofisini kwa rafiki yangu mwenye mtandao wa uhakika, nikakaa na daftari langu mezani. Swali la kwanza lilikuwa juu ya lori lile. Waliuliza unyevu ulisoma kiasi gani, sampuli nilizichukua wapi kwenye mzigo, mwenye mali nilimwambia nini. Nilijibu kwa utulivu kwa sababu hakuna nililokuwa nimeandika ambalo sikulifanya. Kazi niliipata.

Tangu hapo mara kwa mara hupewa majina ya waombaji niyapitie, na moyo huniuma ninapofungua kurasa za vijana wa kusini. Najua kazi zao kwa kuwa nimeziona, lakini kwenye ukurasa hazipo. Kijana amekuwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huko Tunduru, amepokea korosho na ufuta, ameandaa taarifa za mnada, amefuatilia stakabadhi za ghala mpaka malipo ya wanachama yakaingia, na ameandika neno moja: karani. Mwingine amesimamia mizani ya malori ya makaa ya mawe huko Ngaka, ambako makaa yamekuwa yakichimbwa tangu 2011, na ameandika jina la kampuni na mwaka. Binti amepanga madaraja ya kahawa Mbinga kwa kuonja na kwa macho, ujuzi unaotafutwa hata nje ya nchi, na ukurasa wake unaanza na kidato cha nne. Mimi ninayeujua mkoa naweza kukisia kilichomo. Mwenzangu wa mezani, asiyeujua, anapita.

Kwao wote nina neno moja la kiutendaji. Andikeni kwanza mkiwa nje ya mtandao, kwenye daftari au kwenye simu, bila kula bando. Mkisharidhika ndipo mwingie na kubandika. Tangu umeme wa gridi ulipofika Songea mwaka 2018 kupitia laini ya Makambako, simu kukosa chaji si kilio cha kila siku tena, lakini bando bado ni fedha.

Nasema pia wazi kwamba LinkedIn ni mlango mmoja tu. Anayetaka utumishi wa umma ataomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na wasifu wa humo nao unahitaji kupitiwa upya: vyeti vilivyoongezeka, wadhamini waliohama, namba ya simu uliyoibadilisha. Hospitali na shule za misheni, vyama vya ushirika na halmashauri bado hubandika matangazo ukutani, na makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja huleta nafasi ambazo hazifiki kokote kwingine. Kote huko, maelezo yale yale uliyoyapika kwa ajili ya LinkedIn yatakufaa.

Na ukurasa ukianza kuonekana, matapeli nao watauona. Nimeandikiwa na anayejiita wakala, mwenye picha nzuri na nafasi yenye mshahara mnono, akitaka kwanza fedha ya usajili na ya vipimo vya afya kwa simu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Mwenye kazi ya kweli atataka kujua kazi yako. Anayetaka kwanza pesa yako mwache aende.

Unayetafuta kazi leo, iwe Mfaranyaki au Matarawe, Namtumbo au Mbamba Bay, chukua kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako. Andika ulifanya nini, wapi, kwa kiasi gani, na nani aliona. Msomee mtu asiyejua fani yako, ujibu kila swali atakalokuuliza, na majibu hayo ndiyo uyaweke kwenye ukurasa. Kisha mwandikie mtu mmoja mliyepita naye mahali, umkumbushe mlipokutana na umwelekeze kwenye ukurasa huo. Wanaokujua kidogo ni wengi kuliko unavyodhani, na wengi wao wangependa kusaidia. Wape maneno ya kweli ya kusema.